Vitumbua vya Foleni

Barabara ya Kusini ina ubishi wake, na si wa Simba na Yanga. Basi la Mtwara likishaiacha Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kuapa kwamba vitumbua ni vya Kibiti. Jirani yake atamwambia angoje Ikwiriri. Mzee wa kiti cha nyuma atawacheka wote wawili, maana yeye alikula vya Ndundu enzi za pantoni. Niko upande wa mzee, ila sababu zetu ni mbali. Yeye anasifia maji ya mto, mimi nasifia foleni.

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, gari lolote lililopita barabara ya pwani lilivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, zamu yake ikifika. Masika ndiyo usiseme: kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilikuwa tope tupu, na waliokwama walikwama kwelikweli. Watu wakashuka, wakakaa chini, wakala. Aliyenunua kitumbua kibichi ndani alikuwa na muda wa kutosha kukirudisha kwa mwenyewe na kusema naye mbele ya wenzake. Mpishi alijua hivyo kabla hajakoleza moto.

Na kitumbua kina mengi ya kumuumbua mpishi. Mchele unalowekwa usiku kucha, nalo bonde la Rufiji linalima mpunga. Unasagwa pamoja na tui zito na iliki hadi uwe laini, lakini ukiupaka kidoleni usikie bado kachembe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiacha chenga, kitumbua kinakatika. Ukitia ngano ili uji uongezeke, unapata andazi lililojificha ndani ya chuma cha vitumbua. Kisha hamira. Joto la bondeni halina subira: uji ulioumuka vizuri alfajiri, jua likipanda unaanza kuchachuka, na sukari haifichi uchachu, inautangaza.

Kazi yenyewe iko kwenye kugeuza. Kijiko cha mafuta kinatangulia katika kila shimo, uji unafuata, pembeni panachemka na kukauka huku katikati pakiwa bado majimaji. Mama anachomeka kijiti ukingoni, wengine hutumia spoku ya baiskeli, anakizungusha, na uji mbichi unateremka chini kuwa tumbo la upande wa pili. Akichelewa kidogo tu, kinatoka bapa. Akiwahi, kinamwagika. Hana saa wala kipimajoto. Anasikiliza mlio wa mafuta, na mkono umeshafika shimo la mwisho kabla la kwanza halijaungua. Sijaona kinyozi wala fundi wa cherehani mwenye mkono mwepesi hivyo, na hao tunawaita mafundi bila kusita.

Wareno nao wana ubishi kama huu. Kitu chao ni pastel de nata, kikombe cha unga uliokunjwa na siagi matabaka kwa matabaka, kikajazwa rojo la viini vya mayai, maziwa na sukari, kikaokwa katika moto mkali hadi juu kitoke mabaka meusi. Pale Lisbon, duka la Pastéis de Belém, jirani na monasteri ya Jerónimos, linauza tangu 1837, na mapishi yake ni siri ya watu wachache wa ndani. Duka jingine, Manteigaria, wao wanaoka mbele ya macho ya wateja. Watu wanapanga foleni kote kuwili na kuondoka wakibishana. Moja hulindwa na siri, jingine na uwazi, lakini yote mawili yana jina juu ya mlango, na jina likichafuka duka linaumia.

Mama wa kando ya barabara hana mlango wala siri. Chuma, moto na uji wake viko hadharani. Kilichokuwa kikimlinda mlaji wa Ndundu ni pantoni kuchelewa. Sasa daraja la mita 970 hivi unalimaliza kwa dakika moja na ushei, na biashara imehamia kwenye madirisha ya mabasi. Pesa inapanda, mfuko unashuka, gari linaondoka. Kitumbua kikipoa ndipo ngano na uchoyo wa tui vinapojitokeza, wakati huo mnunuzi ameshafika Somanga. Silaumu daraja, nani anataka kulala matopeni? Lakini soko la mteja asiyerudi halijawahi kumnoa fundi.

Kwa hiyo nikishuka Kibiti simfuati anayekimbilia basi na beseni kichwani, hata vyake viwe vinang'aa namna gani. Naingia uchochoroni, namtafuta mama anayewauzia watoto waliotumwa na bakuli kutoka nyumbani. Mtoto akirudi na vibaya, aliyemtuma atakuja mwenyewe, tena asubuhi hiyohiyo. Dereva apige honi atakavyo. Vya mabeseni nitavikuta hata Nangurukuru.