Fanny Crosby na Ushairi wa Kufuata Lahani

Wingi wa kazi za Fanny Crosby (1820–1915), nyimbo za injili zaidi ya 8,000, umewapa wahakiki sababu rahisi ya kumpuuza. Hukumu hiyo imekosea mizani. Crosby, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mchanga katika jimbo la New York, alikwisha kuchapisha diwani mwaka 1844. Baadaye alijikita katika sanaa nyingine: kutunga maneno ya kuimbwa, wakati mwingine lahani ikiwa imetangulia, kama ilivyokuwa mwaka 1873 Phoebe Knapp alipompigia lahani iliyozaa “Blessed Assurance”. Alitunga kichwani, kisha akamtamkia mwandishi. Malipo yalikuwa dola moja au mbili kwa wimbo. Tena alichapishwa kwa majina mengi ya bandia, maana wachapishaji hawakutaka kitabu kionekane kuwa cha mtu mmoja. (Anayelalamikia wingi huo angeanza na wachapishaji.)

Ubora wake unadhihirika pale maneno yanapohamia lugha nyingine. “Pass Me Not” (1868), wenye lahani ya William Doane, unajulikana na waumini wa Tanzania na Kenya kama “Usinipite Mwokozi”. Mishororo ya beti zake hupishana kwa mizani 8 na 5. Ule wa mizani 8 unalingana na kipande cha utenzi wa Kiswahili, na mkazo wa “Mwokozi” unaangukia mdundo wenye nguvu bila shida. Katikati hali ni tofauti: “usinipite” ina mkazo kwenye “pi”, lakini mdundo unaidaka “te”. Katika mishororo ya mizani 5 mgongano huo haukwepeki, kwa kuwa Crosby aliifunga kwa silabi yenye mkazo, na lahani huishikilia noti hiyo ya mwisho. Neno la Kiswahili lenye silabi mbili au zaidi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mwimbaji hulivuta neno kwa mkia wake.

Kumlaumu mfasiri hapa ni kumwonea. Angeweza kubadili maneno yote, lakini si noti. Crosby naye aliufahamu utumwa huo. Tofauti ni kwamba Kiingereza, chenye utajiri wa maneno ya silabi moja, kilimwachia nafasi ya kujigeuza ndani yake, na aliitumia kwa ustadi ambao msomaji wa kimya hawezi kuuona.