Rangi Si Ushahidi
(Juu ya vitabu vya ramani vya Waholanzi wa kale)

Kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaokusanya ramani za kale za Waholanzi, wakitoa feza nyingi kwa karatasi moja tu. Nasi tukiona picha zake twashangaa: merikebu baharini, falme zenye mipaka myekundu na ya kijani. Lakini kushangaa si kuhukumu. Inapashwa kuuliza: neno gani ni kweli, na neno gani ni pambo tu?

Tutwae kazi inayosifiwa kupita zote, ndiyo Atlas Maior ya Joan Blaeu wa Amsterdam. Chapa ya Kilatini ya mwaka 1662 ilikuwa na mabuku 11 na ramani karibu 600. Zilichorwa katika bamba za shaba, zikapigwa chapa kwa wino mweusi. Kisha mafundi walizitia rangi kwa mkono, moja moja. Mabuku yenye rangi yaliuzwa kwa bei kubwa kuliko yasiyo na rangi. Basi rangi ilizidisha bei, haikuzidisha ujuzi.

Tazama ramani yao ya Afrika. Baba yake Joan, Willem Blaeu, aliitoa karibu na mwaka 1617. Baada ya miaka zaidi ya 40 ilikuwa ingali katika kitabu cha mwana. Pwani imejaa majina, kwani mabaharia walifika huko wakayaandika. Lakini katikati ya bara mna maziwa mawili makubwa, Zaire na Zaflan, na mto Nili watoka humo. Nani aliyaona? Ni mapokeo ya Ptolemayo, mwandishi wa karne ya pili, yaliyochanganywa na habari za kusikia. Brashi ileile ilipaka pwani iliyoonwa na bara lililodhaniwa. Hilo ndilo kosa lake.

Mtu atasema: zamani zile wangefanya nini? Wangeacha pahali peupe. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alifanya hivyo: yale asiyokuwa na ushahidi nayo aliyaondoa katika ramani yake ya Afrika. Weupe ule ulikuwa ujuzi pia.

Ramani za bahari zina sifa nyingine. Waghenaer, aliyekuwa nahodha mwenyewe, alitoa kitabu chake mwaka 1584, akaonyesha vina vya maji na sura ya pwani inavyoonekana kutoka chomboni. Ramani ya namna ile ikikosea, chombo hupasuka na watu hufa. Bali kitabu cha tajiri kikikosea juu ya Afrika, mwenyewe hapati hasara. Ndiyo maana kosa lilidumu.

Na wakusanyaji wa leo? Wengine hupasua kitabu ili kuuza kila ramani peke yake, na maelezo yaliyochapwa nyuma hayasomwi tena. Wengine hupaka rangi mpya juu ya karatasi ya kale. Kijani cha zamani kilitengenezwa kwa shaba, nacho mara nyingi hula karatasi, hata alama ya kahawia huonekana upande wa nyuma. Basi mwenye akili huigeuza ramani kabla ya kuisifu.

Tufanye vile vile kwa kila kitabu kizuri tupewacho: kwanza tuulize nani aliona.