Fidla ya Solomon Northup, na nyimbo zinazoitwa za bure

Wengi wanamujua Solomon Northup kwa ajili ya sinema iliyotoka mwaka 2013. Lakini kitabu chenyewe, Twelve Years a Slave, cha 1853, njo kinachofaa kusomwa na watu wa ngoma. Northup alikuwa mutu huru, Mweusi wa jimbo la New York. Kule Kingsbury alikodi shamba akalima mahindi, na wakati wa baridi vijana walimuita awapigie fidla kwenye dansi.

Fidla hiyo njo ilimuponza. Mwaka 1841 wanaume wawili walimudanganya kama kuna kazi ya kupigia watu wa sarakasi. Walimufikisha Washington, na kutoka huko akapelekwa kuuzwa New Orleans. Sokoni alipiga fidla, wenzake wakichezeshwa ili wanunuzi wawapende. Baadaye, huko Louisiana, bwana wake Epps, mwenye shamba la pamba, alizoea kurudi amelewa, anaamuru watumwa waliochoka wacheze, Northup apige, na yeye amesimama na mujeledi mukononi. Kwangu kipande hiki kinauma kuliko vile vya viboko, kwani hapa furaha yenyewe inageuzwa kazi ya shuruti. Na ni fidla tu, anasema, iliyomuwezesha kuvumilia mpaka alipopata uhuru, Januari 1853! Kitabu hakijaribu kupatanisha mambo hayo mawili, na kinafanya vema.

Kasoro nayo iko. Anapoeleza sikukuu ya Noeli, anasema fidla ikinyamaza watumwa walianza muziki wao: mikono inapiga magoti, inapigana yenyewe, inapiga mabega, miguu inashika mwendo, sauti zinaimba. Ameeleza vizuri mpaka mutu anaweza kujifunza. Lakini maneno ya nyimbo anayaita ya bure, eti yametungwa kufuata mwendo tu. Ni Northup anayesema, ao ni avoka David Wilson, Muzungu aliyeandika kitabu kufwatana na maelezo yake? Mimi naona mukono wa Wilson. Sisi tuliokua na nyimbo za kutwanga na za kupiga kasia tunajua neno linalorudiwa-rudiwa linaweza kubeba jina, masengenyo, hata onyo ambalo kapita asilisikie.

Bahati nzuri, mwisho wa kitabu kuna wimbo mumoja wa watumwa ulioandikwa kwa noti, "Roaring River". Mwenye kuongoza kwaya aanzie hapo.