Kitabu cha Ufunguzi: Namna ya Kukipima

Wachezaji wa bao la kiswahili hujua kwamba mchezo huharibika mapema. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na anayenamua ovyo, yaani anayeingiza vibaya kete za mkononi, huingia kwenye awamu ya mtaji akiwa ameshaelemewa. Sataranji ya kompyuta nayo ina namua yake: kitabu cha ufunguzi, yaani hazina ya hatua za mwanzo ambazo programu huzicheza bila kufikiri.

Faida na hatari yake zimo humo humo. Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, kompyuta ya Deep Blue ilimtoa farasi sadaka katika hatua ya 8 ya mchezo wa sita wa pambano lake na bingwa Garry Kasparov. Hatua hiyo ilitoka kitabuni. Kasparov alisalimu amri kabla mchezo haujafika hatua ya 20. Kitabu hicho, ambacho bingwa Joel Benjamin alisaidia kukiandaa, kilikuwa na mikao takriban 4,000 tu.

Kwa hiyo unene usimdanganye mtu. Cha kwanza kutazamwa ni pale kitabu kinapoishia. Programu iachiwe iufikirie mkao wa mwisho kwa dakika chache. Ikijiona imezidiwa, njia hiyo ifutwe hata kama mabingwa waliipenda. Ikianza kurudisha kete zilikotoka, kitabu na programu haviendani.

Cha pili ni chanzo. Vitabu vingi hukusanywa kutoka maelfu ya michezo, na hatua hupewa uzito kwa wingi wa kuchezwa na kwa matokeo yake. Hatua ambayo dawa yake imeshapatikana huweza kubaki na uzito mkubwa kwa sababu ya sifa za zamani. Kitabu kizuri hupaliliwa.

Cha tatu ni uhifadhi. Mkao mmoja hufikiwa kwa njia nyingi. Vitabu vya muundo wa Polyglot huhifadhi mikao yenyewe, hivyo mpinzani akipindua mfuatano wa hatua, programu bado inajua ilipo.

Halafu jaribio: programu ile ile, upande mmoja na kitabu, upande wa pili bila, rangi zikibadilishwa, kwa mamia ya michezo. Michezo 20 haithibitishi kitu.

Hata hivyo, kitabu si kila kitu. Mwaka 2017 programu ya AlphaZero, isiyo na kitabu, ilicheza michezo 100 na programu nyingine, Stockfish: ikashinda 28, ikatoa sare 72. Wakosoaji walisema Stockfish nayo ilinyimwa kitabu. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 Stockfish ilipewa kitabu imara, na AlphaZero ikashinda tena. Kitabu huokoa muda na huepusha mitego. Kazi ya kufikiri hubaki kwa programu.

Stockfish ni ya bure, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiacha icheze yenyewe usiku kucha. Aanze na kitabu kifupi, cha hatua nane kila upande, na asiongeze njia yoyote kabla haijapita kwenye jaribio.