Mbio Huanzia Mezani

Waliokuwa vijana katika miaka ya 1980, wakashindanisha magari madogo ya rimoti katika kumbi za Uingereza, Japani na Marekani, kisha wakayahifadhi darini kwa sababu ya kazi na malezi, sasa wanarejea uwanjani na mvi zao. Wanayoyakuta yanavutia macho: magari yenye kasi kuliko yale waliyoyaacha, betri zisizochoka upesi, mitambo inayohesabu mizunguko bila mtu kushika kalamu. Lakini kwenye meza za pembeni, ambako magari hutengenezwa kati ya mbio moja na nyingine, kuna upungufu ambao haupati wasemaji. Gari hutolewa kwenye boksi likiwa limeshaungwa, likachajiwa betri, likaingia uwanjani. Likivunjika, hununuliwa kipande. Kipande kikikosekana, hununuliwa gari jingine. Mchezo huu ni ufundi kwanza, na mbio ni mtihani wa kazi iliyofanyika mezani. Anayerudi baada ya miaka mingi akaikimbilia rimoti na kuipita meza amekwenda kufanya mtihani huku somo amelisahau.

Historia ya mchezo wenyewe inashuhudia hivyo. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipokuwa ikiandaa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934 la mwaka 1976, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua Porsche 911 halisi, likafunguliwa vipande vipande ili lieleweke lilivyojengwa. Baadaye yakaja magari ya mchangani: Sand Scorcher mwaka 1979, kisha Grasshopper na Hornet mwaka 1984, na mwaka huohuo Associated ya California ikatoa RC10 yenye chesisi ya alumini ya rangi ya dhahabu. Magari hayo yaliuzwa yakiwa vipande. Mnunuzi alipata kijitabu cha michoro, mifuko ya skrubu, na kazi ya jioni kadhaa. Utaratibu huo ulikuwa na hekima ambayo haikuhitaji kuhubiriwa: mtu alilijua gari lake kabla hajaliendesha. Aliyepaka grisi kila gia kwa mkono wake, akisikia mlio mgeni katikati ya mbio, alijua unatoka wapi, kama fundi wa gereji anavyoitambua beringi iliyokufa kwa kulisikia tu gari likipita barabarani.

Ufundi huo haudhihiriki popote kama kwenye bodi. Bodi ya gari la mashindano ni ganda jembamba la polikaboneti lisilo na rangi, linaloonyesha upande wa pili, na hupakwa kwa ndani ili changarawe na migongano isiikwangue rangi. Kwa hiyo mpangilio wote wa upakaji hupinduka. Rangi inayotangulia ndiyo itakayoonekana mbele ya nyingine zote. Mistari na urembo mdogo hutangulia, na rangi inayotawala bodi huja mwisho na kufunika nyuma yake. Kwa kawaida rangi nzito huitangulia nyepesi, maana nyeusi ikipulizwa nyuma ya njano, njano hufifia na kuonekana chafu. Mpakaji huliosha ganda kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani na ya vidole vyake mwenyewe. Hubandika tepu, huikata kwa wembe kufuata mchoro, hukandamiza kingo zake kwa ukucha. Hupuliza tabaka jembamba, husubiri likauke, hupuliza jingine. Akifanya haraka, rangi hupenya chini ya tepu, na doa hilo ataishi nalo, kwa kuwa limekaa mbele ya rangi zote na hakuna pa kulifunikia.

Wakati wote huo mpakaji huitazama kazi yake kwa upande wa nyuma, ambako rangi huonekana zimefubaa na kuvurugika. Nje ya ganda kuna nailoni nyembamba ya kulilinda, nayo hubanduliwa mwisho kabisa. Ndipo rangi zote hujitokeza kwa mara moja zikiwa na mng'aro, na mwenyewe hujua kama subira yake imelipa. Mtu anayevipima vitu kwa manufaa tu atauliza faida ya taabu hiyo, ilhali bodi itagongwa siku ya kwanza ya mashindano. Faida ipo. Aliyelitolea gari jasho lake hulipeleka kwenye kona kwa adabu, na hulipisha gari la mwenzake kwa adabu ileile, kwa kuwa anajua na lile lina jioni za mtu ndani yake. Siku hizi bodi nyingi huuzwa zikiwa zimeshapakwa kiwandani. Magari yanayofanana yanapangwa kwenye mstari, na heshima ya gari la mwenzako inapungua, kwani kila mmoja anajua kwamba jingine kama hilo liko dukani.

Ushahidi mwingine umejificha ndani ya gari. Cecil Schumacher, mhandisi Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Cosworth, kampuni ya injini za mbio, ndiye aliyeyapa magari haya difu ya gololi: vijigololi vya chuma vilivyobanwa kati ya visahani viwili, na skrubu moja ya kukaza. Kampuni yake ndiyo iliyotengeneza CAT, gari ambalo Masami Hirosaka wa Japani aliliendesha mwaka 1987 huko Romsey, Uingereza, akatwaa ubingwa wa dunia wa magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Hirosaka alikuja kufikisha mataji 14 ya dunia. Difu ya namna hii haikazwi kwa kusoma namba. Ikilegea, huteleza, joto likapanda na visahani vikachimbika. Ikikazwa mno, gari hukataa kukata kona. Fundi huyazuia magurudumu yasizunguke, kisha huisukuma gia kwa kidole gumba na kupima inavyokataa. Kijitabu kinaweza kueleza jambo hilo kwa mistari miwili, lakini kiasi chenyewe hukaa kidoleni, na kidole kilichoacha kazi kwa miaka 20 hupoteza kumbukumbu. Kwa sababu hiyo anayerudi anafaa kulifungua gari lake hadi skrubu ya mwisho, hata kama limetoka dukani jana. Akilifungua na kulifunga mara ya pili, mkono huanza kukumbuka.

Litasemwa kwamba zama hizo zilikuwa na adha zake, na ni kweli. Katika magari mengi ya mwanzo, kasi iliongozwa na servo iliyosogeza kidole cha shaba juu ya rezista, na rezista ilipata moto mkali. Betri ya nikeli-kadimi ya volti 7.2 ilitakiwa kuvuka mbio ya dakika 5, na aliyefunga gia ya tamaa alisimama kabla ya mwisho. Kaboni za mota zililika, na komyuteta ilipochimbika ilibidi ikerezwe upya. Mota zisizo na kaboni na betri za lithiamu zimeondoa mateso hayo, na hakuna haja ya kuyalilia. Lakini wajibu wa kutunza ungalipo, ila umefichwa. Seli ya lithiamu-polima hujazwa hadi volti 4.2 na haipitishwi hapo. Ikishushwa chini ya volti 3 huharibika. Ikiwekwa muda mrefu yafaa iachwe karibu na volti 3.8, ikitobolewa au kuchajiwa ovyo huweza kulipuka moto. Betri ya nikeli ilimvumilia mzembe, hii haimvumilii. Tena kifaa kilichorahisishwa humfanya mtumiaji aamini kwamba hana la kujua, na imani hiyo ndiyo hatari yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa seli ya lithiamu hauonekani kwa asiyezoea kuangalia.

Hoja nzito zaidi hutolewa kwa niaba ya wageni. Gari lililoungwa tayari, wanasema watetezi wake, limewafungulia mlango watoto na watu wasio na zana wala mwalimu. Kudai kila mmoja aanze na mfuko wa skrubu ni kuufanya mchezo kuwa mali ya wachache. Hoja hii ina haki, na asiyeikubali hajafikiria anayeanza leo bila mtu wa kumshika mkono. Lakini ifuatwe hadi mwisho wake. Gari lililoungwa tayari nalo huvunjika, mara nyingi siku ya kwanza, na hapo mgeni asiyejua kufungua shokapu wala kubadili gia hubaki na kitu kilichokufa mikononi. Mlango uliomwingiza kwa urahisi humtoa kwa urahisi uleule. Anayebaki ni yule aliyekutana na mzee wa meza ya pili, akaonyeshwa jinsi ya kujaza oili ya silikoni kwenye shokapu, kuisukuma fito yake polepole hadi mapovu yapande, na kungoja yaishe kabla ya kufunga kifuniko. Shokapu iliyofungwa na hewa ndani huishikilia tairi kwa mashaka, na kijana akishalihisi jambo hilo kwa mkono hahitaji hotuba. Basi mlango uachwe wazi, ila nyuma yake pawe na meza, na mezani pawe na mtu.

Hata kuishi pamoja kulikuwa ufundi. Rimoti za zamani zilitumia kristali, na magari mawili ya masafa mamoja hayangeweza kuwa hewani kwa wakati mmoja bila moja kupotea. Vilabu vilitundika ubao wa vibanio, kila kimoja na masafa yake, na asiyeshika kibanio hakuwasha rimoti. Ilimbidi mtu amjue mwenzake, aombe, asubiri, arudishe. Rimoti za gigahezi 2.4 hujitafutia nafasi zenyewe, na ni heri, kwa kuwa magari hayapotei tena. Hata hivyo, pamoja na ubao ule kiliondoka kitu kilichowalazimisha watu kusemezana. Desturi inayosalia ni ya aliyemaliza mbio kubaki uwanjani kuwaokotea wenzake magari yaliyopinduka. Hiyo inafaa kulindwa kwa wivu.

Viwanda vimekwisha kutambua kwamba wazee wanarudi. Tamiya iliitoa upya Hornet mwaka 2004 na Sand Scorcher mwaka 2010; Associated ikairudisha RC10 mwaka 2013. Mabango ni yaleyale, maboksi ni yaleyale, na vipande vinakuja vikiwa havijaungwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Inasikitisha kuona mengi ya masanduku hayo yakipangwa kabatini bila kufunguliwa, yakingoja bei ipande. Plastiki imerudi, chesisi ya dhahabu imerudi, na kazi iliyovipa vitu hivyo thamani imeachwa kwenye mifuko iliyofungwa. Kizazi kilicholelewa na vijitabu vile kinazeeka. Kikiondoka bila kumkalisha kijana mezani na kumpa difu aipime mwenyewe, hakutakuwa na toleo jipya la kuuza dukani litakalofidia hasara hiyo.