Boma Ndani ya Boma

Mgeni atokaye Mitunguu kwenda mjini Meru hukuta huko makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika iliyokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya enzi za ukoloni. Uani yamejengwa makazi ya Kimeru kwa mtindo wa jadi. Kwa Kiswahili, yote mawili ni boma: ua uzungukao nyumba na mifugo, na vilevile makao ya serikali, alikoitwa mwananchi kulipa kodi au kujibu mashtaka.

Udhaifu wa maonyesho ya namna hii ni kwamba boma la nyasi ndilo hufanywa kielelezo, hali boma la serikali huchukuliwa kuwa paa tu la kuhifadhia vitu. Nyumba isiyo na tarehe humfanya mtazamaji adhani kuwa Wameru walikaa nje ya historia mpaka karani wa kodi alipowasili.

Hata Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, haisomeki kwa kuta peke yake. Ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho mwaka 1960. Nalo neno gereza asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Huko Kilwa Kisiwani lingali jina la ngome. Kanisa, ngome, kifungo: mfuatano huo (ambao mkarabati wa mawe hawezi kuujenga upya) umo katika neno moja.

Ingefaa basi, kule Meru, neno boma liandikwe mara mbili: mlangoni na uani.