Tuta la Ufipa: lilivyofanya kazi, na lilipokwama

Ufipa, uwanda wa juu mkoani Rukwa, si nchi kame kama Dodoma. Mvua za Sumbawanga zinatosha, ila ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kinachofuata ni kiangazi kitupu. Tena uwanda huu una nyasi tele na miti michache. Wabemba wa Zambia walikata matawi, wakayachoma na kupanda kwenye majivu. Mfipa hakuwa na msitu wa kuchoma, akageukia nyasi.

Njia yake ni tuta la mviringo, intumba. Mvua zikielekea ukingoni na udongo ungali laini, mkulima huchagua shamba lililopumzika, akakata mapande ya udongo kwa jembe, akayageuza nyasi zikae ndani na kuyafunika kwa udongo. Juu hupanda maharage, na si kwa bahati. Nyasi mbichi zikianza kuoza, vijidudu vinavyoziozesha huinyonya naitrojeni ya udongo, na nafaka ingedumaa. Maharage hupata sehemu ya naitrojeni yake hewani, kupitia vifundo vya mizizi. Mvua mpya zikirudi, nyasi zimekuwa mboji; tuta husambazwa, ulezi husiwa.

Gharama yake ni mikono. Zamani watu waliitana kulima, mwenye shamba akawapikia pombe ya ulezi. Kwa hiyo aliyevuna vizuri ndiye aliyepata wasaidizi wengi.

Miaka ya 1970 ikaja bei moja ya mahindi nchi nzima, pamoja na mbolea ya ruzuku. Rukwa ikaingia katika mikoa minne mikuu ya mahindi, na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Lakini mahindi ya kila mwaka yaliondoa mwaka wa mapumziko, na bila nyasi hakuna cha kufukia. Bei moja ilipokwisha kufutwa na ruzuku kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, umbali kutoka Dar es Salaam ulipandisha bei ya mbolea na kushusha ya mahindi. Asiye na ng'ombe wala akiba aliumia pande zote mbili.

Ruzuku ilirudi baadaye; ya sasa ilianza mwaka 2022, na inasaidia. Ila hupunguza bei ya mfuko wa mbolea, hainunui mboji wala nguvu kazi. Kwa hiyo kipande cha shamba kipumzishwe kwa zamu, nyasi zifukiwe kwa plau mwezi Machi, maharage yatangulie mahindi. Kwa mjane asiye na maksai, kulipiwa siku moja ya plau mwezi huo kungemfaa kuliko mfuko wa urea unaomfikia mahindi yakiwa yameshabeba.